Simu za Kioo Kikubwa: Nani Huzinunua, na Kwa Nini Msee wa Takawiri Bado Anabeba Mulika Mwizi

Ukishuka boti Takawiri asubuhi, kitu ya kwanza utaona ni omena imeanikwa kwa nyavu juu ya mchanga. Kitu ya pili ni simu. Hiki ni kisiwa kidogo cha kaunti ya Homa Bay, kati ya Mbita na Mfangano, na unafika tu kwa maji. Lakini cheki vizuri: mama wa omena ako na simu kubwa kama kibao cha kukatia sukuma, ameishika kwa mikono miwili, anapiga video samaki wake. Msee aliyetoka kuvua usiku naye ako na mbili. Kubwa ameiacha kwa nyumba. Mfukoni ako na kadogo ka tochi, ile tunaita mulika mwizi.

Mimi ndugu yangu wa shangazi anavua huko, ndio maana nimeanzia hapo. Watu wawili wa ufuo mmoja, samaki ni wale wale, na bado kila mtu anataka simu ya saizi yake. Ukielewa hao wawili, utaelewa karibu kila mtu anayeingia dukani kuuliza, "Hii iko na kioo cha ngapi?"

KUBWA NI NGAPI SASA?

Jibu hubadilika kila miaka michache. iPhone ya kwanza, 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5 na watu wakaona hiyo ni televisheni. Hapa Kenya, 2011, simu iliyofanya watu wa kawaida wajue Android ni Huawei Ideos, ile ya Safaricom. Kioo chake? Inchi 2.8. Ukiwa na kidole gumba kinono ulikuwa unaandika meseji ya mapenzi inafika kama ya polisi.

2010 Steve Jobs wa Apple alikuwa amesema simu kubwa hazitapata mnunuzi juu haziingii mkononi. Mwaka uliofuata Samsung wakaleta Galaxy Note ya inchi 5.3. Watu walicheka, wakasema unaongea na sahani. Kisha wakanunua. 2014 Apple wenyewe wakaleta iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Baadaye walijaribu kurudi nyuma na iPhone 12 mini na 13 mini za inchi 5.4, lakini ilipofika iPhone 14, 2022, mini haikuwepo tena. Nafasi yake ikachukuliwa na Plus ya inchi 6.7. Soko lilikuwa limeongea.

Sisi huku hata hatukungoja Apple. Kampuni ya Transsion ya China, yenye Tecno, Infinix na itel, ilisoma Afrika mapema. Infinix Note 2 ya 2015 ilikuwa karibu inchi 6, wakati simu za bei mara tatu yake zilikuwa ndogo. Siku hizi ukiingia duka lolote Mbita au Homa Bay mjini na bajeti ya kawaida, karibu kila simu utakayooneshwa iko kati ya inchi 6.5 na 6.8. Na hapa ndio kuna kichekesho: simu ndogo imekuwa kitu ya wenye nazo. Samsung S24 ya inchi 6.2 na iPhone 15 ya inchi 6.1 ni ndogo kuliko Infinix ya boda boda, na bei yake unaweza kununua ng'ombe.

Sababu ni ufundi. Kubana betri nzuri, kamera nzuri na chipu isiyochemka ndani ya kiwiliwili kidogo ni kazi ghali. Kiwiliwili kikubwa kinakupa nafasi ya kuweka betri kubwa ya bei rahisi na kioo cha LCD ambacho hakina makuu. Kwa hivyo "kubwa" kwa simu ya bei ya chini mara nyingi ni njia rahisi ya kutengeneza.

Mfano wa wazi kabisa ni ile kiwanda ya Athi River. Oktoba 2023 walizindua simu mbili zinazounganishwa hapa Kenya: Neon Smarta ya inchi 5 kwa KSh 7,499, na Neon Ultra ya inchi 6.5 kwa KSh 8,999. Tofauti ni thao moja na mia tano. Uliza mtu yeyote mtaani angechukua gani.

INCHI INADANGANYA

Kabla hujatoa ganji, elewa hii. Inchi za simu hupimwa kutoka kona moja kwenda kona ya pili, mshazari. Hiyo namba haikuambii upana.

Simu za zamani zilikuwa na umbo la 16 kwa 9. Za siku hizi nyingi ni 20 kwa 9, ndefu na nyembamba. Nimepiga hesabu: simu ya zamani ya inchi 5.5 ilikuwa na kioo cha upana wa sentimita 6.8 hivi. Simu ya leo ya inchi 6.5 iko na upana ule ule, 6.8, hata kidogo chini. Kile kimeongezeka ni urefu, kutoka sentimita 12 hadi 15. Ndio maana unaweza kuishika bila shida lakini kidole hakifiki juu, na ndio maana video ya YouTube inabaki na milia miusi pande zote mbili. Ulinunua inchi moja zaidi, na sehemu kubwa ya hiyo inchi ni ya kuscroll TikTok na WhatsApp.

Namba nyingine ya kuuliza ni pikseli. Simu nyingi za bei ya chini ziko na pikseli 720 kwa 1,600. Ukizitandaza kwa inchi 6.6 unapata kama pikseli 266 kwa kila inchi. Simu ya 1,080 kwa 2,400, saizi ile ile, inakupa karibu 400. Kwa kuangalia mpira hutaona tofauti sana. Kwa kusoma PDF yenye maandishi ya mchwa, utaiona.

MAMA WA OMENA NA OFISI YAKE

Sasa wanunuzi. Nianze na yule mama wa ufuoni, juu kwake kioo kikubwa ni kazi tupu.

Omena ya Takawiri haiishii Takawiri. Inavuka kwenda Mbita, inapanda gari, inafika hadi Gikomba Nairobi. Mteja wa mbali hataki kuambiwa, anataka kuona. Iko na mchanga? Imekauka kwa nyavu ama imetandazwa chini? Imekatika vichwa ama ni nzima? Rangi ni ya fedha ama imegeuka manjano juu mvua iliinyeshea? Yote hayo huonekana kwa video ya sekunde thelathini, na mama mwenyewe lazima aione kwanza kabla hajaituma. Kwa kioo kidogo, mchanga hauonekani. Mteja wake wa Nairobi ako na kioo kikubwa, atauona, na bei itashuka palepale.

Halafu kuna hesabu. Meseji za M-Pesa, orodha ya nani amelipa na nani anasema "kesho mama", picha ya risiti ya gari. Anafungua WhatsApp, anarudi kwa meseji, anarudi WhatsApp. Kioo kirefu kinaonyesha mazungumzo mengi kwa wakati mmoja. Hana kompyuta na hana haja nayo. Hiyo simu ndio daftari, ndio duka, ndio mlango wa wateja wake. Kumbuka hiyo, tutairudia tukifika kwa mikopo.

Mwalimu wa kisiwani ako karibu na huyu mama kuliko anavyodhani. TSC wanataka TPAD ijazwe mtandaoni, KNEC wanataka alama za wanafunzi zipandishwe kwa tovuti yao, na hizo kurasa zilitengenezwa na mtu aliyekuwa mbele ya kompyuta. Jaza fomu ya safu kumi kwa simu ya inchi 5 uone venye utaongea na Mungu. Ukilaza simu ya inchi 6.7, angalau unaona jina la mtoto na alama yake kwa mstari mmoja. Mwalimu akisema anataka simu kubwa, usidhani anataka kuringa.

Mimi pia niko kwa hilo kundi. Niliacha koleji mwaka wa pili, laptop ikaenda na rafiki aliyeikopa, na makala zangu za kwanza zote niliziandika kwa simu ya inchi 6.6. Juu nusu kioo ni habari ninayosoma, chini nusu kioo ni mahali naandika. Kodi ya nyumba ilitoka hapo. Kwa hivyo mtu akiniambia kioo kikubwa ni nyadhi tu, yaani kujionyesha, namwangalia tu.

Ingawa, tuwe wakweli, nyadhi iko. Sisi watu wa ziwa hatujawahi kuogopa kuonekana. Simu kubwa ikiwekwa mezani kwa kinywaji inaongea kabla mwenyewe hajaongea. Hiyo ni sababu halali ya kununua kitu ukiwa na pesa yako. Shida ni ukiinunua kwa pesa ya mtu mwingine.

DANI, MPIRA NA WALE WANAONGEA KWA MIKONO

Kuna mnunuzi ambaye maduka humsahau: dani, nyanya yetu. Kuanzia miaka arobaini hivi macho ya watu wengi huanza kukataa maandishi ya karibu. Ukifika sitini unashika simu mbali kama unataka kuitupa. Kioo kikubwa kinamruhusu aongeze ukubwa wa maandishi kwa mipangilio bila neno moja kujaza ukurasa mzima. Namba ya M-Pesa anaisoma mwenyewe, haiti mjukuu amsomee na pia amjulie PIN. Hiyo peke yake ni usalama. Na akiwa na binti anayefanya kazi Doha au Riyadh, simu ya video ndio ziara. Anataka kuona kama mtoto amekonda. Kwa inchi 5 kila mtu amekonda.

Viziwi pia. Lugha ya Ishara ya Kenya inahitaji mikono, uso na kifua vionekane pamoja, na video ikiwa ndogo vidole vinapotea. Kwao hii ndio simu yenyewe, sauti haihusiki.

Vijana wa mpira na mikeka ni wengi na wanajulikana, sitakaa sana. Wanaegemeza simu kwa thamosi, watu watano wanaangalia Gor Mahia au Arsenal, mwenye simu anapewa kiti. Usiku huo huo ni video za ohangla, Prince Indah na wenzake. Kitu moja tu: kioo kikubwa chenyewe hakili bando. Ubora wa video ndio unakula. Kioo kikubwa kinakushawishi tu upandishe ubora, halafu saa nne usiku unaulizana bando ilienda wapi.

Na simu za kukunja? Tecno Phantom V Fold ya 2023 ikifunguka inafika inchi 7.85. Ni tamu. Lakini mchanga wa Takawiri ukiingia kwa ile bawaba, hiyo ni hadithi nyingine.

KWA NINI MVUVI ANAIACHA NYUMBANI

Ndugu yangu ako na Tecno kubwa tu. Usiku akienda kuvua, haiendi.

Kwanza, maji. Skrini ya mguso inasoma umeme mdogo unaopita kwa kidole chako. Maji pia yanapitisha umeme. Kidole kikilowa, au matone yakiwa juu ya kioo, simu inachanganyikiwa: unabonyeza kijani, inaguswa nyekundu. Ukiwa katikati ya ziwa na upepo umebadilika, hutaki kubishana na kioo. Kadogo ka vibonye kanapiga hata mkono ukiwa na magamba, na *334# ya M-Pesa inafanya kazi vile vile.

Pili, saizi. Ukiwa umesimama kwa boti, mkono mmoja unashika ukingo. Simu ya inchi 6.7 inataka mikono miwili. Chagua moja. Wengi waliochagua vibaya, simu zao ziko chini huko na samaki wanazipita.

Tatu, zile herufi za IP kwa boksi. IP54 maana yake ni kustahimili vumbi kiasi na maji ya kurushwa, haimaanishi kuzama. IP67 ni kuzama hadi mita moja kwa dakika thelathini. IP68 ni zaidi ya hapo, kulingana na venye mtengenezaji amesema. Na hayo ni maji safi ya maabara, simu ikiwa mpya. Simu kubwa za bei ya chini nyingi ni IP54 ama hazina kitu. Ziwa Victoria lina kina zaidi ya mita moja, kama ulikuwa hujui.

Nne, chaji. Betri ya 5,000 mAh ni kama wati-saa 19. Ya kadogo ya 1,000 mAh haifiki 4. Kwa hivyo chaji moja ya simu kubwa ni chaji tano za mulika mwizi. Ukiwa Nairobi na stima ukutani hiyo si stori. Ukitegemea sola ndogo yenye tundu moja la wati 5, simu kubwa inakula saa nne, tano za jua, na hapo taa ya usiku haijapata kitu. Siku ya mawingu, familia inaamua nani achajiwe.

Lakini kabla hajaenda, jioni, anaitumia ile kubwa. Kenya Met hutoa utabiri wa Ziwa Victoria, upepo na mawimbi, na watu hutumiana kwa makundi ya WhatsApp. Anaangalia kwa kioo kikubwa, anaweka chini, anabeba ndogo. Simu mbili, kazi mbili.

MKOPO WA KILA SIKU NA MWEZI MPEVU

Hii ndio sehemu naomba usome polepole.

Watu wengi hawanunui simu kubwa kwa pesa taslimu. 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo: wakati huo ulikuwa unaweka thao moja, unalipa KSh 20 kwa siku. M-KOPA, waliojulikana kwanza kwa sola, nao wakaingia kwa simu. Sasa wako wengi. Wazo ni nzuri, limewapa watu simu ambazo hawangegusa. Lakini usipolipa, simu inafungwa kutoka mbali mpaka ulipe.

Piga hesabu ya mfano. Tuseme simu ni KSh 20,000 taslimu. Kwa mkopo unaweka 3,000 halafu 75 kila siku kwa mwaka. 75 mara 365 ni 27,375. Ongeza 3,000, ni 30,375. Umelipa zaidi ya thao kumi kwa kupewa muda. Labda inakufaa, labda haikufai, lakini uliza hiyo jumla kabla hujaweka sahihi. Wauzaji wanapenda kukuambia "75 tu, ni bei ya mandazi na chai."

Sasa ilete Takawiri. Omena huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, na mavuno yanaanguka. Kila mwezi kuna siku za hivyo. Halafu kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena, ambao umekuwa ukianza Aprili hadi mwisho wa Julai. Hizo ni siku 122. Mara 75, ni KSh 9,150 zinazodaiwa wakati pesa ya omena haiingii. Mkopo wa kila siku umetengenezwa kwa mtu anayepata kila siku, kama boda boda au mama mboga. Pesa ya ziwa inakuja kwa mawimbi.

Mke wa ndugu yangu alichukua simu kubwa hivyo, Februari. Mauzo yakapanda kweli, wateja wawili wapya Nairobi. Mei simu ikafungwa. Namba za wateja zilikuwa ndani, mazungumzo yalikuwa ndani, picha za deni zilikuwa ndani. Alipoifungua tena wiki tatu baadaye kwa pesa ya kuku, mteja mmoja alikuwa ameshapata mwingine. Siku hizi namba zote ziko pia kwa daftari la Sh 20, limefungwa kwa nailoni, juu ya kabati.

Kama unalipa kwa mkopo na kipato chako kina msimu, tafuta mpango wa kulipa kwa wiki au mwezi, ama lipa siku za mbele wakati samaki wapo. Mipango mingine inakubali. Uliza kabla.

UKIWA DUKANI

Toka nje nayo. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na LCD ya bei ya chini inayong'aa vizuri chini ya taa za duka inaweza kuwa kioo cha kujitazama meno ukifika ufuoni saa saba mchana. AMOLED nzuri inasomeka kwa jua na weusi wake ni weusi, lakini kuibadilisha ikipasuka inauma.

Ndio, uliza bei ya kioo. Nenda kwa fundi kwanza, kabla hujaenda dukani, muulize, "Hii modeli, skrini ni ngapi?" Kioo kikubwa kinapasuka kirahisi kuliko kidogo juu kinaanguka na uzito zaidi na kinatokeza mfukoni. Kwa modeli zingine skrini inakaribia nusu ya bei ya simu. Zingine hakuna spea kabisa Homa Bay, inaagizwa Nairobi, na unakaa wiki. Zile za kioo kilichopinda pembeni hata protekta yake ni shida.

Piga *#06# na ulinganishe namba ya IMEI na ya boksi. Mimi niliwahi kuuziwa "Samsung" kubwa tao, sitataja duka, nikafika kejani nikagundua hifadhi iliyoandikwa 256 ilijaa baada ya picha mia mbili. Nilirudi kesho yake. Yule jamaa aliniambia hajawahi kuniona.

Jaribu kuandika kwa mkono mmoja. Iweke mfukoni, ukae chini, usimame. Kama wewe ni wa leso na rinda lisilo na mfuko, jua utaibeba mkononi siku nzima ama kwa kibeti. Na kama kazi yako ni ya majini, nunua kubwa ukitaka, lakini weka kando thao moja au mbili ya kadogo ka tochi. Laini mbili, betri ya siku kadhaa. Ikianguka ziwani utalia kidogo tu.